Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Jivu la Tumbe na Chwaka

Ndugu wanachama, Assalamu alaykum.

Hesabu ataisoma Mhazini. Langu ni moja tu: ada inakusanywa kwa kusuasua, na wahusika wanajijua.

Mwaka huu, katika kusoma mambo ya kale, tuliacha misikiti ya mawe na makaburi, tukaingia jikoni mwa watu wa zamani. Jivu la mafigani wengi tulikuwa tukiliona taka. Kumbe punje iliyoungua ikawa kaa, isiteketee, haiozi hata karne zikipita. Wachimbaji wa mambo ya kale huutia udongo wa jikoni ndani ya maji. Kaa huelea, huchujwa, hukaushwa, kisha hutazamwa kwa hadubini.

Kisa kilichotushughulisha zaidi ni cha Pemba. Tumbe, makazi ya karne ya 7 hadi ya 10, punje zilizotawala ni za uwele. Chwaka, mji wa jirani uliostawi tangu karne ya 11, mpunga unapanda hadi kuupiku uwele. Sarah Walshaw, aliyezichambua mbegu hizo, anayahusisha mageuzi haya na kukua kwa miji na kuenea kwa Uislamu. Naafikiana naye. Mpunga una kazi nyingi shambani na kinuni, na mtu hajitesi hivyo kila mwaka ila awe na wageni wa kuwapakulia. Waliodai kikaoni kwamba Mpemba amezaliwa na wali mkononi, basi wapunguze sauti.

Komoro mambo ni tofauti. Huko mpunga na choroko vimo kwa wingi tangu karne za mwanzo za makazi, na watafiti wanaviona kuwa alama ya wahamiaji kutoka Asia ya Kusini-Mashariki. Huku kwetu na bara, wakati huohuo, chakula kikuu kilikuwa mtama, uwele na kunde.

Tusilitegemee jivu kupita kiasi, lakini. Linahifadhi kilichodondoka motoni, si kila kilicholiwa. Ndizi na viazi vikuu havina punje ya kuungua, kwa hiyo mlaji wake hupotea kwenye hesabu.

Ombi kwa wanaojenga: mkichimba msingi mkakuta tabaka jeusi lenye vigae na mifupa ya samaki, simamisheni jembe na mtoe taarifa ofisi ya Mambo ya Kale. Msilizoe jivu kulipeleka bustanini, na msilichekeche wenyewe. Likishachanganyika, haijulikani tena lilitoka tabaka gani.

Uchaguzi wa kamati utafuata baada ya chai.