Gari linalosukumwa na tairi za nyuma kwenye mvua

Mhariri,

Naomba walimu wa udereva wa Arusha na Moshi wafundishe namna ya kulidhibiti gari linapoteleza, kabla ya masika. Toyota Mark X nyingi husukumwa na tairi za nyuma. Ukikanyaga mafuta kwa pupa kwenye kona yenye maji, mkia wa gari unateleza pembeni. Usikanyage breki. Legeza mafuta taratibu, tazama unakotaka kwenda, zungusha usukani upande uleule mkia ulikoelekea, kisha urudishe mapema, la sivyo gari litachapa upande wa pili. Hapo ndipo wengi hushindwa kulimudu gari. Dakika za kwanza za mvua ni mbaya zaidi, oili na vumbi bado havijasombwa. Na tafadhali, ukinunua tairi mbili tu, mpya zifungwe nyuma. Kashata (meno ya tairi) yenye kina cha milimita 3 tayari ni ndogo kwa maji yaliyotuama.

Msomaji,
Moshi