Barua kwa mwanangu: kabla hujakanyaga cherehani

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kwa nini maua uliyoyashona juu ya mfarishi yamekunjamana kandokando, ilhali mshono wenyewe umenyooka. Nimeitazama picha yako kwa makini. Mkono wako hauna shida; kitambaa ndicho hakikuandaliwa.

Anza na maji. Pamba hurudi inapofuliwa mara ya kwanza, na rangi nzito huchuja, kwa hiyo fua vitambaa vyote kabla ya kukata. Usitie dawa ya kulainisha, maana gamu ya kubandikia maua kwa pasi haishiki vizuri juu yake. Vikikauka, vipige pasi kwelikweli. Kunyanzi likishabandikwa na gamu ni vigumu kulitoa.

Ile gamu yenye karatasi mgongoni, ichoree ua likiwa limegeuzwa kushoto kulia, la sivyo litatoka kinyume. Kisha kata uitoe gamu ya katikati, ubakize ukanda wa kama nusu sentimita ndani ya mstari. Wengi huiruka hatua hii, nami sikubaliani nao: mfarishi ni wa kujifunika, na gamu ikijaa ua zima panakuwa pakavu kama kadibodi. Bandika upande wa ndani wa kitambaa cha ua. Pasi uikandamize na kuinua, usiiburute. Ikipoa, kata ua kwa kufuata mstari, ndipo ubandue karatasi na kulibandika ua kwa pasi juu ya kitambaa cha chini.

Sasa kile kilichokuponza. Zigizaga iliyobanana, ule mshono wa kwenda na kurudi ukingoni mwa ua, huvuta kitambaa cha chini, na kikiwa chepesi hujikusanya. Kiwekee kwa nyuma karatasi ya kuimarisha, ile ya kuchanika, ipite ukingo wa ua sentimita mbili au tatu kila upande. Usipoipata, kitie wanga mzito ukipige pasi mpaka kikakamae. Kikate kikubwa kuliko kipimo, ukipunguze baada ya kushona, kwa kuwa mshono lazima utakirudisha kidogo.

Sindano namba 80 inatosha, iwe mpya. Uzi wa juu ulegeze kidogo. Jaribu kwanza kwenye mabaki yenye gamu ileile na karatasi ileile. Kitambaa kitupu hakitakuonyesha lolote.

Unapochana karatasi, shikilia mshono kwa kidole gumba usije ukavuta nyuzi. Maua yaliyokwisha kushonwa usiyafumue, matundu ya sindano yatabaki. Kata kitambaa kipya, na ukishona ua la kwanza nitumie picha ya upande wa nyuma.

Mama yako