Msiseme ni nadra wakati hakuna aliyehesabu

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu enzi zile tunagawana nakala moja kijiwe kizima, na miaka yote hiyo nikikerwa na kitu nakausha tu. Safari hii nimeshindwa. Ile habari yenu ya ugonjwa wa mapafu kuota makovu mliimaliza kwa kusema ni ugonjwa wa nadra, wa wazee wa Ulaya na Marekani, huku Kusini haujulikani. Kutojulikana sawa, nakubali. Ila hiyo nadra mmeitoa wapi? Nani kapita Mtwara na Lindi kuhesabu?

Mzee wangu kafa nao. Mkulima wa korosho hapa Tandahimba, sigara hajawahi kuweka mdomoni. Ilianza kikohozi kikavu, kile unakohoa hakitoki kitu, halafu ikaja pumzi. Mwanzo alikuwa anachoka akitoka shamba, baadae ikawa kutoka kitandani mpaka mlangoni tu anashika fremu, mabega yanapanda yanashuka, ukimuongelesha anakunyooshea kidole usubiri. Na vidole vyenyewe ncha zilishavimba, kucha zimebinuka. Tukampeleka hospitali, makohozi yakapimwa hamna kitu, wakasema picha ya kifua ina madoa kwahiyo ni TB, aanze dozi. Kameza miezi sita, hajapata nafuu. Wakarudia makohozi, hamna kitu, dozi tena. Mpaka tulipojikusanya kama ukoo tukampeleka Dar, daktari mmoja kijana akamgeuza mgongo, akaweka kipimo chake chini kabisa kwenye mbavu, akatuita na sisi tusikilize. Mzee akivuta pumzi unasikia krrr, krrr, kama unabandua mkanda wa sendozi. CT scan, ile mashine kubwa ya kupiga picha za ndani, ikaonyesha mapafu upande wa chini, kule pembeni, yamejaa makovu na vishimo vishimo. Haikuwa TB.

Sasa sikia kilichoniuma mpaka leo. Mzee alipofariki, kituo cha huku huku nyumbani wakaandika kwenye karatasi kwamba kafa kwa kifua kikuu. Bwana aliyekuwa anaandika faili analo mbele yake, majibu ya Dar yamo, nimeyatoa kwa mkono wangu nikamwekea yule bwana pale dirishani, nikamwambia soma hapa, mzee hakuwa na TB, kila makohozi yalikuwa safi, na waliompima kwa mashine kubwa wameandika ugonjwa wake kwa jina. Akaniambia marehemu alishawahi kuwa kwenye dozi ya TB kwahiyo inaandikwa hivyo, nisimcheleweshee watu, tukazike. Watu wamekaa msibani wanasubiri maiti, kaburi limeshachimbwa, utabishana mpaka saa ngapi? Tukazika. Lakini niambie Mhariri, kesho mtu akija na kalamu yake kuulizia makovu ya mapafu kituo kile ataambiwa hatujawahi kupata hata mmoja, atarudi ataandika sifuri, na nyie mtaichapa ile sifuri kama ndo hali halisi! Mzee wangu yumo kwenye hesabu ya ugonjwa ambao hakuwa nao, na kwenye hesabu ya ugonjwa uliomuua hayumo. Ni wazee wangapi wamezikwa hivyo Newala, Masasi, Liwale, Kilwa?

Binti wa dada yangu anasoma udaktari, yeye ndo kanielewesha mambo ya hesabu. Huu ugonjwa chanzo chake hakijulikani, unawapata zaidi waliovuka miaka 60, wanaume kuliko wanawake. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2006 ulikuta wagonjwa 14 kwa kila watu laki moja ukikaza masharti ya nani ahesabiwe, ukilegeza wanafika karibu 43. Yani hata kwao wenye mashine kila kona, namba inaruka mara tatu kwa kutegemea unahesabuje. Sisi sensa ya 2022 ilitupa watu zaidi ya milioni 2.8 Mtwara na Lindi kwa pamoja. Chukua ile ndogo, 14, unapata kama watu mia nne. Sawa, sisi wengi wetu ni vijana, basi gawa kwa mbili, gawa tena kwa mbili, bado unabaki na kama mia. Wako wapi? Wanameza dawa za TB. Na wengi wakishajulikana wanaishi miaka mitatu mpaka mitano tu, wakati dawa za kupunguza kasi zipo, pirfenidoni na nintedanibu, Marekani waliziruhusu tangu 2014. Haziponyeshi, ila zinachelewesha, na kuchelewa huko mtu anaona wajukuu.

Halafu nikiwa hapo hapo kwenye vifua, hili la salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, nalo hamliandiki. Msimu wa kupuliza mikorosho kwa ajili ya ubwiri unga, ule ukungu wa mikorosho, vijana wanabeba bloa, mashine ya kupulizia, mgongoni, puani kajifunga fulana tu, unga wote unamrudia, macho mekundu, usiku kucha wanakohoa. Mnaandika bei ya korosho mnadani kila wiki, hivi vifua vya wanaozihudumia haviuzi gazeti? Na wachimbaji wadogo wa Ruangwa wanaokula vumbi la mawe bila kitambaa, hayo makovu chanzo chake kinajulikana kabisa miaka na miaka na bado nao wakikohoa wanaambiwa TB.

Ninachotaka ni kidogo. Kwenye kila kituo kuanzia zahanati, mtu mzima mwenye kikohozi kikavu ambaye makohozi yake ni safi, asipewe dozi mpaka avuliwe shati asikilizwe mgongoni, chini, pande zote mbili, na vidole vyake viangaliwe. Ikisikika ile krrr, apewe rufaa ya CT scan. Na kwenye daftari ipigwe mstari, iwekwe safu moja mpya, iandikwe MAKOVU YA MAPAFU. Rula na kalamu vipo. Nyie Mhariri, safu hiyo ikishajazwa mwaka mzima, hapo ndo mrudi kuandika kama ni nadra au sio nadra.

Mkulima wa korosho,
Tandahimba, Mtwara