Hardwick Hall haikujengwa na mume

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka kumi na tisa bila kukuandikia hata mstari mmoja, lakini makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu Hardwick Hall, jumba la kale kule Derbyshire, Uingereza, imenishinda kuivumilia. Mwandishi wenu ameiita “ngome ambayo Earl wa Shrewsbury alimjengea mkewe” (Earl ni cheo cha kikabaila), na picha mliyoiweka ni ya gofu la nyumba lililo jirani.

Earl huyo, George Talbot, mume wa nne wa Elizabeth wa Hardwick, alikuwa amefarakana na mkewe kwa miaka mingi, akafa Novemba 1590, wakati msingi ndiyo kwanza umechimbwa. Aliyejenga ni mama mwenyewe, kwa fedha zake, akiwa na umri wa zaidi ya miaka sitini, kwa ramani inayoaminika kuwa ya msanifu majengo Robert Smythson, na akahamia mwaka 1597. Hata gofu mlilolipiga picha ni nyumba yake pia.

Miaka mitano iliyopita nilimpeleka huko shangazi yangu aliyekuja kunitembelea kutoka Tanga. Shangazi ni mjane aliyesimamia ujenzi wa nyumba yake mwenyewe tangu msingi hadi bati, na bei ya dirisha anaijua. Alisimama mbele ya nyumba ile, upande wa magharibi, akaona jinsi madirisha yanavyozidi kuwa makubwa kila ghorofa inapopanda, akauliza kwa nini. Kiongozi wa msafara wetu, kijana wa kampuni moja ya utalii ambayo sitaitaja, alicheka na kusema kwamba wanawake siku zote huuliza habari za madirisha na mapazia. Sababu ipo, na ni ya kiufundi: vyumba vya heshima, pamoja na ukumbi wa kupokelea wageni wakuu, viliwekwa ghorofa ya juu kabisa, na kwa kuwa kioo wakati ule kilikuwa ghali, vipande vidogo vidogo vikiunganishwa kwa madini ya risasi, wingi wake ulikuwa tangazo la utajiri. Shangazi alitambua pia kwamba baadhi ya madirisha ni ya uongo, nyuma yake kuna ukuta tu, yamewekwa ili pande zilingane. Kijana alimjibu kwamba fundi alikosea!

Na hili neno “ngome” limenichosha. Kila nyumba ya mawe ya Ulaya kwenu ni ngome, au kasri, au hekalu. Ngome ni ya kujihami. Nani atajihami nyuma ya vioo?

Ninapendekeza mumrudishe mwandishi wenu Hardwick, alasiri isiyo na mvua, asimame kwenye majani upande wa magharibi na kutazama juu. Minara ni sita, na juu ya kila mmoja zimechongwa kwa mawe herufi E na S, Elizabeth Shrewsbury, kubwa kiasi cha kusomeka bila miwani. Akiona G hata kwenye mnara mmoja, nitalipa nauli yake.

Msomaji wenu,
Leicester