Wauza kompyuta za mtumba, turuhusuni tujaribu kabla ya kulipa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikishie ombi wauza kompyuta za mtumba wa hapa Dodoma mjini.

Nina stesheneri ndogo Nkuhungu. Nachapa barua za maombi ya kazi, natoa kopi, naskani vyeti. Huduma ya Windows 10 ilipofika ukomo tarehe 14 Oktoba 2025, laptopu yangu haikukubali Windows 11: prosesa ni ya zamani, na TPM 2.0, kile kichipu cha usalama kinachotakiwa, haina. Nikaanza kudunduliza hela ya mashine nyingine. Mtoto wa kaka yangu, anayesoma UDOM, akaniambia, "Shangazi, hiyo haijafa." Akaiwekea Linux Mint, mfumo endeshi unaokaa mahali pa Windows, bure, na kwa RAM ileile ya GB 4 ikawa nyepesi kuliko zamani. Barua naziandika kwenye LibreOffice, programu ya kuandikia kama Word. Majedwali ya Word wakati mwingine husogea yakifunguliwa humo, kwa hiyo wasifu wa kazi namwomba mteja aniletee kwa PDF.

Kazi ilipoongezeka nikapanda daladala hadi Majengo kutafuta laptopu ya pili. Nilimwomba muuzaji nichomeke flashi yangu yenye Mint niijaribu. Akakataa: "Mama, utaniletea virusi." Nikalipa hivyohivyo. Tulipoiwekea Mint, waifai hakuna. Simu yangu juu ya kaunta ileile inashika vizuri, lakini kwenye laptopu halitokei hata jina moja la mtandao. Yule mtoto wa kaka akaandika lspci, amri ya kuorodhesha vifaa vya ndani, kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, tukaona kadi ya waifai ni ya aina ambayo draiva yake, yaani programu ya kuiendesha, haiji pamoja na Mint. Ikabidi tuunganishe simu kwa waya wa USB, laptopu itumie bando langu, ndipo programu ya draiva ikapakua iliyotakiwa. Tukazima, tukawasha, majina yakajipanga. Ila asubuhi yote ilikwisha hivyo, na vijana wawili waliokuwa wanawahi siku ya mwisho ya kutuma maombi ya kazi waliondoka mikono mitupu. Hao ndio wanaoniuma hadi leo.

Ndugu zangu wauzaji, flashi ile haidhuru mali yenu. Mashine inapowaka unabonyeza F12, nyingine F9 au Esc, Linux inafunguka kutoka kwenye flashi na Windows inabaki ilivyo. Kinachofuta Windows ni kuisakinisha Linux na kuchagua kufuta diski, na mnaweza kusimama pale mkaona hakuna anayefanya hivyo. Dakika 10 zinatosha kuangalia waifai, sauti, kamera na kibodi, kisha kufunga kifuniko na kukifungua kuona kama inaamka. Ikifaulu, mteja analipa palepale na harudi kesho na malalamiko.

Nanyi mnaoanza kutumia Linux, msinunue pasipo jaribio hilo, hata bei ikiwavutia namna gani. Flashi yangu ya GB 8 iko kwenye droo ya kaunta. Anayekwenda mjini kununua apite aiazime, airudishe jioni.

Mama wa stesheneri,
Nkuhungu, Dodoma