Shukrani kwa mama wa behewani, kutoka Bologna hadi Venezia

Mama, jina lako sikulijua, wala hatukuwa na lugha ya pamoja zaidi ya maneno machache na ishara za mikono. Hata hivyo, naona si haki safari yetu ya Roma, Firenze, Bologna na Venezia isimuliwe bila wewe kutajwa.

Pale Bologna, zikiwa zimesalia dakika chache treni iondoke, uliziona tiketi zetu za karatasi mkononi mwa mke wangu, ukatikisa kichwa, ukanishika mkono na kunipeleka kwenye kimashine kilichofungwa ukutani, kwa kuwa tiketi hizo za treni za mikoani zisipogongwa tarehe na saa kabla ya kupanda, abiria anaweza kutozwa faini. Sisi tulidhani kulipa kumetosha.

Tulipofika Venezia Mestre, nami nimekwisha kuteremsha masanduku, uliweka kiganja juu ya begi langu ukasema polepole, “Santa Lucia.” Kumbe Mestre iko bara, na mji wenyewe wa mifereji, wenye stesheni ya Santa Lucia, uko ng'ambo ya daraja refu la reli lililofunguliwa mwaka 1846. Muda si mrefu tulitoka stesheni tukaukuta Mfereji Mkuu chini ya ngazi, maji ya kijani yakipiga gati, na tulipogeuka kukuaga ulikuwa umekwisha kupotelea katika umati.

Ahsante sana, mama, pamoja na lile chungwa ulilompa mwanangu, ambalo alilila lote bila kutugawia.