Risala ya Wauguzi na Wataalamu wa Maabara wa Kifua Kikuu, Moshi, kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kifua Kikuu Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa Serikali na wa dini,
Watumishi wenzetu na wananchi wa Moshi,

Tunakushukuru kwa kukubali kuwa nasi. Siku hii imewekwa kwa sababu tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, Robert Koch alitangaza kuwa amekipata kimelea cha kifua kikuu. Risala yetu inahusu kipimo cha ngozi kinachoonyesha kama mtu ana maambukizi ya kifua kikuu, na namna ya kujua kama protini mpya inastahili kushika nafasi ya tuberkulini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuberkulini tunayochoma katika kipimo cha Mantoux ni mchanganyiko wa protini zaidi ya 200 za bakteria. Nyingi zimo pia katika BCG, chanjo wanayopewa watoto wetu wakizaliwa. Mkono ukivimba, mara nyingine hatuwezi kusema ni chanjo au ni maambukizi. Wanasayansi walipolinganisha vinasaba, walikuta BCG imepoteza kipande kiitwacho RD1, ambamo hutoka protini ESAT-6 na CFP-10. Vipimo vya Cy-Tb, C-TST na Diaskintest vimejengwa juu ya hizo mbili, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vitumike. Si kila protini ina bahati hiyo. Protini iitwayo MPT64 bado inatengenezwa na baadhi ya mbegu, yaani aina, za BCG, kwa hiyo kabla ya kuipima mahali popote ni lazima kuuliza watu wa pale walichanjwa mbegu ipi.

Protini huanza kujaribiwa kwa simbilisi: kundi moja limechanjwa BCG, jingine limeambukizwa kifua kikuu. Inayotakiwa ni ile inayovimbisha ngozi ya kundi la pili peke yake. Kwa binadamu kazi inakuwa ngumu zaidi, kwa kuwa hakuna kipimo kinachothibitisha maambukizi yaliyolala, yaani bakteria wamo mwilini lakini mtu haumwi. Njia inayotumika ni kuwachukua wagonjwa ambao makohozi yao yameotesha bakteria, kuona protini inawatambua wangapi. Kisha watu waliochanjwa ambao hawajawahi kukaa na mgonjwa, kuona inawasingizia wangapi. Katika mji kama wetu kundi hili la pili ni shida kulipata. Tunaona ni sahihi zaidi kulinganisha aliyelala chumba kimoja na mgonjwa, aliyekaa nyumba moja naye, na jirani. Kipimo cha kweli kitapanda kadiri mtu alivyomkaribia mgonjwa. Watoto wa chini ya miaka 5 na wanaoishi na VVU wasiachwe nje, maana ndio wanaohitaji jibu zaidi, na ndio ambao ngozi yao inaweza kukaa kimya wakati wameambukizwa.

Kila mtu huchomwa mikono yote miwili, tuberkulini huku na protini mpya kule, kwa kura, na anayesoma asijue upi ni upi. Kiasi ni mililita 0.1 ndani ya ngozi, tundu la sindano likitazama juu. Lazima kitokee kiuvimbe cheupe cha milimita 6 hadi 10. Kisipotokea, dawa imezama chini ya ngozi na jibu litakuwa la uongo. Rudia sentimita 5 kutoka hapo. Protini hizi hunata kwenye kuta za bomba la sindano, basi usivute dawa asubuhi ukachome mchana. Chupa ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8, mbali na mwanga, na isigande.

Kusoma ni baada ya saa 48 hadi 72. Tunapima ugumu, si wekundu. Kalamu ya wino husukumwa taratibu kutoka pembeni mpaka igome kwenye ukingo, kisha upande wa pili, na rula hulazwa kukatisha mkono. Andika milimita zenyewe, hata kama ni 0. Neno “hasi” halimsaidii anayechambua. Ubaya tunaoujua wa wasomaji ni kupenda namba 5, 10 na 15. Daftari likijaa namba hizo, usomaji una kasoro, na kosa la milimita 2 karibu na mpaka wa kuhesabiwa ameambukizwa linambadilisha mtu kundi.

Tunasisitiza kwa wananchi: mkono kuvimba si kuumwa. Anayevimba huulizwa kikohozi, homa, jasho la usiku na kukonda, hupigwa picha ya kifua, na makohozi hupimwa kabla ya kuanzishiwa dawa za kinga.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba haya. Nauli ya kurudi kwa wanaotoka Mwika, Marangu na Siha, maana asiyerudi kusomwa amechomwa bure. Kipimajoto ndani ya kila friji ya kliniki, na umeme wa akiba. Pia tunaomba kliniki zifunguliwe Jumamosi, kwa sababu anayechomwa Alhamisi saa zake huangukia wikiendi.

Tunaomba kuwasilisha.